Asiyekuwapo na Lake Halipo: Askari wa Nyanda za Kericho na Deni la Fasihi ya Kiswahili

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya anayechelewa mgaoni: asipokuwapo, fungu lake litaliwa na waliopo. Hata hivyo, ina maana nyingine iliyo nzito zaidi. Aliyekwenda vitani asirudi hayupo barazani kujisemea. Habari yake imo mikononi mwa waliobaki, na waliobaki wakinyamaza, hufa mara ya pili. Makala haya yanahusu kifo hicho cha pili. Yanadai kwamba lugha ya Kiswahili imewakumbuka askari wa Afrika Mashariki waliopotea katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ilhali fasihi ya Kiswahili haijawakumbuka vya kutosha; na kwamba kazi ya kulipa deni hilo ni ya wanafunzi na walimu wa Kiswahili kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Eneo litakaloangaziwa ni Kipkelion na nyanda za chai za Kericho, kwa sababu huko vita, ardhi na majina vimefungamana kuliko inavyodhaniwa.

Mwanaanga na daftari lake

Ili kuupima usahaulifu, ni vyema kwanza kutazama namna mtu anavyoweza kukumbukwa. Tuseme kijana wa Kiingereza alikuwa mpiga bunduki katika ndege ya kudondosha mabomu aina ya Lancaster. Ndege hiyo ilichukua watu saba: rubani, fundi wa mitambo, mwelekezi wa njia, mlenga mabomu, mpokeaji wa simu ya upepo na wapiga bunduki wawili. Zamu moja ya kazi ilikuwa safari 30 za mashambulizi, na wengi hawakuimaliza. Kati ya wanaanga wapatao 125,000 waliohudumu katika Kamandi ya Ndege za Mabomu ya Uingereza kati ya 1939 na 1945, waliokufa ni 55,573.

Hasara hiyo ni kubwa mno. Hata hivyo, jambo la kuzingatiwa hapa ni jinsi ilivyoandikwa. Kila kikosi kilikuwa na daftari la safari: majina ya waliopanda, namba ya ndege, mahali palipokusudiwa kushambuliwa, saa ya kuruka na saa ya kutua. Ndege isiporudi, nafasi ya saa ya kutua ilibaki bila saa, na pengo hilo lenyewe likawa habari. Kuanzia mwishoni mwa vita, Jeshi la Anga liliunda kitengo maalumu cha kuwatafuta wanaanga takriban 42,000 waliokuwa hawajulikani walipo. Watumishi wake walizunguka vijiji vya Ulaya wakihoji wakulima na mapadri, na kufukua makaburi ili kuyatambua mabaki. Wasiopatikana, zaidi ya 20,000, majina yao yalichongwa kwenye mnara wa Runnymede uliozinduliwa 1953. Hata miaka mingi baadaye kazi haijakoma: kituo cha kumbukumbu kilichofunguliwa mjini Lincoln 2018 kimekusanya majina ya waliokufa pamoja na historia simulizi za wanaanga, wake zao na hata za watu walioangukiwa na mabomu hayo.

Matokeo yake ni kwamba mjukuu wa mwanaanga huyo anaweza leo kujua babu yake aliruka saa ngapi usiku ule, alikaa upande gani wa ndege na aliandamana na nani. Hayo hayakujileta yenyewe. Ni matunda ya makarani, wachunguzi, wahifadhi na waandishi walioamini kwamba mtu mmoja aliyepotea anastahili kuulizwa.

Ni muhimu pia kueleza kwamba anga lilikuwa na milango yake. Hadi Oktoba 1939, kanuni za Jeshi la Anga la Uingereza zilihitaji maofisa wawe wa asili halisi ya Kizungu. Zilipolegezwa kwa sababu ya vita, Waafrika wachache kutoka Afrika Magharibi waliingia, miongoni mwao Johnny Smythe wa Sierra Leone, mwelekezi wa njia ambaye ndege yake iliangushwa juu ya Ujerumani mwezi Novemba 1943, akashikwa mateka hadi mwisho wa vita, na baadaye akawa mwanasheria. Vijana wa walowezi wa Kenya nao waliruka. Mwafrika wa Afrika Mashariki, kwa jumla, alielekezwa kwingine: katika vikosi vya miguu vya King's African Rifles, katika mizinga, uchukuzi, upishi, utabibu na kazi za sulubu. Mwenzake mwanaanga, kwa hiyo, asitafutwe mawinguni. Atafutwe kwenye stesheni ya reli.

Kipkelion ilipoitwa Lumbwa

Stesheni mojawapo ni ile inayoitwa leo Kipkelion. Reli ya Uganda ilipovuka Mau na kufika ziwani 1901, mahali hapo paliandikwa Lumbwa. Kwa miongo mingi Lumbwa ilikuwa mlango wa Kericho: chai ilishuka kutoka milimani hadi stesheni hiyo, na bidhaa na watu wakapanda kutoka hapo. Anayejiuliza vita vya mbali vilifikaje katika nyanda za Wakipsigis hana haja ya kwenda mbali. Reli iliyochukua chai hadi bandarini Mombasa ndiyo reli hiyo hiyo iliyochukua askari.

Hata chai yenyewe ina mizizi katika vita. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga takriban ekari 25,000 za ardhi ya Kericho kwa ajili ya makazi ya maofisa wa Kiingereza walioumia vitani. Maofisa hao walilima kitani. Bei ya kitani ikaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1920, mradi ukafilisika, na ardhi ikapita mikononi mwa makampuni ya chai. Kwa hiyo zile bustani za kijani ambazo msafiri husimama kuzipiga picha ni, kwa namna fulani, ukumbusho wa vita. Ni ukumbusho wa upande mmoja tu. Ofisa mjeruhi alipewa ardhi. Mchukuzi wa Kiafrika aliyebeba risasi na unga mgongoni hadi Tanganyika hakupewa, na wengi walikufa mishahara yao ikiwa haijalipwa. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000 waliokufa katika vita vile vya kwanza, wengi wao kutoka India, Afrika Mashariki na Magharibi, Misri na Somalia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Vita vya pili vilipozuka, Kenya ilitoa askari na watumishi wa jeshi karibu 98,000. Wakipsigis na jamaa zao Wanandi walikuwa miongoni mwa makabila yaliyopendwa na maofisa wa usajili, waliokuwa na nadharia yao kwamba kuna makabila yaliyozaliwa kupigana. Vikosi vya Afrika Mashariki vilipigana na Waitaliano Somalia na Uhabeshi 1940 na 1941, vikaenda Bukini 1942, na 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, ikapita bonde la Kabaw huko Burma katika matope ya masika, malaria na risasi za Wajapani.

Vita vilipokwisha, historia ya ardhi ilijirudia. Serikali iliandaa mpango wa kuwapa mashamba wanajeshi wastaafu wa Kizungu katika nyanda za juu. Askari wa Kiafrika alirudi na nishani, kiinua mgongo kidogo, na Kiswahili cha kambini.

Meli iliyozama kwa dakika chache

Katika hasara zote za vita hivyo kwa Afrika Mashariki, hakuna inayofanana na kupotea kwa ndege usiku kama kuzama kwa meli Khedive Ismail. Mwanzoni mwa Februari 1944, msafara wa meli tano za askari uling'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo, katika kisiwa kinachoitwa leo Sri Lanka. Ndani ya Khedive Ismail mlikuwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Regimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki. Wengine walikuwa mabaharia, wauguzi wa kike na wanawake wa huduma za kijeshi.

Alasiri ya tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo kwa makombora ya majini. Ilizama kwa muda usiozidi dakika chache. Wengi walikuwa vyumba vya chini, wasipate hata nafasi ya kuifikia ngazi. Kilichofuata ni kizito zaidi kusimulia. Nyambizi ilijificha chini ya maji, mahali walipokuwa wakielea manusura, na manowari za kusindikiza msafara zikatupa mabomu ya kuizamisha, watu wangali majini. Nyambizi nayo hatimaye iliangamizwa siku hiyo hiyo. Waliokufa katika Khedive Ismail ni 1,297. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6.

Wasiokuwa na makaburi wanakumbukwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Ngong, Nairobi. Kwa hiyo haitakuwa haki kusema kwamba hawakuandikwa. Kwa askari wengi, hata hivyo, kilichoandikwa ni namba, cheo na jina. Swali la mjukuu wa mwanaanga, yaani alikaa wapi, aliandamana na nani, aliacha nini nyuma, halina daftari la kulijibu. Na jina lenyewe halijulishi mengi kwa asiyejua utamaduni uliolizaa.

Hapa ndipo elimu ya lugha inapoingia. Mwanamume wa Kikipsigis huwa na jina la utotoni, na baada ya kutahiriwa huitwa arap pamoja na jina linalomtambulisha kwa baba yake. Karani wa usajili asiyejua hilo angeweza kuandika jina moja na kuliacha jingine. Arap Koech au arap Rono ni jina la watu wengi, na tahajia ilitegemea sikio la aliyeshika kalamu. Isitoshe, nyaraka za kikoloni zilizoea kuwaita Wakipsigis "Walumbwa", jina ambalo hawakujiita wala hawakulipenda. Mtafiti anayewatafuta katika nyaraka hizo kwa jina la Wakipsigis anaweza kufunga jalada akidhani hawamo, kumbe wamo kwa jina la stesheni. Isimu ya majina, ambayo wanafunzi wengi huisoma kwa ajili ya mtihani tu, ni ufunguo wa kumtambua marehemu.

Lugha ilikumbuka

Inashangaza kwamba lugha yenyewe haikusahau. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba hadi leo jina la kikosi cha wachukuzi wa vita vya kwanza. Neno keya, lililotokana na herufi za King's African Rifles, lilibaki vinywani mwa wazee kwa maana ya askari na jeshi lake. Soko la Burma jijini Nairobi limebeba jina la nchi ambayo wanunuzi wengi wa nyama hapo hawana habari nayo. Hata jina Kalenjin, ambalo leo linawaunganisha Wakipsigis, Wanandi na jamaa zao, linahusishwa na wanahistoria na miaka ile ya vita: mtangazaji John Chemallan alikuwa akianza matangazo yake ya redio kwa neno lenye maana ya "nawaambia", nalo likashika.

Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya jeshi hilo. Askari wa Kericho alikutana na wa Ukambani, wa Uganda na wa Tanganyika, na lugha iliyowawezesha kugawana sigara, kutukanana na kuagana ilikuwa Kiswahili, hata kama kilikuwa kile cha kambini ambacho wanaisimu wamekiita KiKAR na ambacho watu wa pwani walikicheka. Gazeti la Baraza lilianzishwa Nairobi 1939, na magazeti ya kijeshi ya Kiswahili kama Heshima yaliwafuata askari walikokuwa. Fundi Konde, ambaye nyimbo zake zingali zikipigwa, alikuwa katika kikundi cha kuwatumbuiza askari hao Asia. Kwa vijana wengi wa bara, Kiswahili hakikufika kwa njia ya msahafu, biashara wala darasa. Kilifika kwa njia ya gwaride.

Fasihi ilisahau

Ukiuliza fasihi andishi ya Kiswahili imemweka wapi kijana huyo, jibu ni fupi. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliochapishwa 1967 baada ya kifo chake, ni kazi kubwa isiyo na mfano katika mada hii. Lakini mtunzi wake alikuwa mtumishi wa serikali Tanganyika, na vita anavyovisimulia ni vile vya mataifa na majemadari. Wakenya wawili walioandika maisha yao na kuueleza utumishi wao wa vita, Waruhiu Itote katika kitabu chake cha 1967 na Bildad Kaggia katika chake cha 1975, waliandika kwa Kiingereza. Riwaya ya Kiswahili iliyoshughulikia ukoloni imemtazama mpigania uhuru wa msituni, mnyapara, chifu na kijakazi; askari wa Burma hupita kama babu mwenye koti kuukuu anayechekesha watoto kwa amri za gwaride.

Usahaulifu huu una bei. Karibu na jiji la Yangon, katika makaburi ya vita ya Taukkyan, upo mnara wenye majina karibu 27,000 ya askari waliokufa Burma wasipate kaburi, wakiwamo wa Afrika Mashariki. Maandishi yake ya ukumbusho yamechongwa kwa lugha tano: Kiingereza, Kiburma, Kihindi, Kiurdu na Kipunjabi kwa hati ya Gurmukhi. Kiswahili, lugha iliyotumiwa kuwaamrisha watu hao kwenda kufa, hakimo. Kwa upande mwingine, sanamu ya wachukuzi na askari iliyosimamishwa Nairobi 1928, katika barabara inayoitwa leo Kenyatta Avenue, ina Kiswahili pamoja na Kiingereza na Kiarabu. Inaahidi kwamba mtu akifa akiipigania nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo imechongwa juu ya mnara usio na jina hata moja. Pale penye majina lugha haipo, na pale penye lugha majina hayapo. Kuviunganisha viwili hivyo ni kazi ya fasihi.

Hoja za wapinzani

Kuna watakaosema kwamba kazi hii ni ya idara ya historia. Hoja hiyo inasahau kwamba tenzi za Kiswahili zimekuwa hazina ya vita tangu zamani. Hemedi bin Abdallah aliandika utenzi juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini aliandika juu ya Maji Maji. Watunzi hawa hawakusubiri idara. Mwanahistoria ataihesabu meli na waliozama. Mtunzi na mhakiki wanajua kuuliza mama aliambiwa kwa maneno gani, na maneno hayo yaligeuka nini yalipotoka kwa Mkuu wa Wilaya kwenda kwa chifu, na kutoka kwa chifu kwenda nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba vile vilikuwa vita vya mzungu, na kwamba kuwakumbuka askari wake ni kuusifu ukoloni. Hoja hii ina uzito na haistahili kubezwa. Baadhi ya waliojiunga walishurutishwa, wengine walifuata mshahara, wengine walitaka kuuona ulimwengu. Na lugha waliyoamrishwa kwayo ni hii hii ambayo wapenzi wake huiita lugha ya ukombozi. Lakini methali imekwisha amua: Mgala muue na haki umpe. Kumkumbuka mtu si kumvika nishani. Fasihi inayomtaja askari wa keya inaweza pia kumhoji: aliwatendea nini raia wa nchi alizopita, alirudi na fikra gani juu ya mzungu aliyemwona akilia kwa hofu kama watu wengine, na kwa nini Itote na Kaggia walirudi wakaasi ilhali wengi walirudi wakanyamaza. Anayekataa kumtaja hawezi kumhoji. Hata kituo cha Lincoln kilichotajwa hapo juu huwakusanya pamoja waliodondosha mabomu na waliodondoshewa, na hilo halijaipunguza heshima ya yeyote.

Wapo pia watakaouliza: kwa nini Kiswahili? Familia za Kipkelion huomboleza kwa Kikipsigis, na kuja kwao na kinasa sauti cha Kiswahili ni kuwanyang'anya. Jibu ni kwamba masimulizi yakusanywe kwa lugha anayoichagua msimulizi, yaandikwe kwa lugha hiyo, na ndipo yafasiriwe kwa Kiswahili ili msomaji wa Machakos, wa Songea na wa Gulu, ambaye babu yake alilala hema moja na babu wa Kericho, aweze kuyasoma. Tafsiri ya namna hiyo ni kukirejesha kile Kiswahili cha kambini kwa heshima kiliyonyimwa.

Kazi iliyopo

Ni bayana kwamba muda umekwisha kwa sehemu moja ya kazi. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1944 angekuwa leo na zaidi ya 100. Wanaotafutwa sasa ni watoto wao, wajane wachache, na wajukuu waliosikia. Wao nao wanaondoka.

Chama cha wanafunzi wa Kiswahili hakina bajeti ya serikali, lakini mambo manne yamo ndani ya uwezo wake. La kwanza ni kunakili majina ya Mnara wa Afrika Mashariki, kuyachambua kwa misingi ya isimu ya majina na kuyagawa kwa maeneo, ili orodha ya nyanda za Kericho iweze kusomwa Kipkelion na ya Ukambani isomwe Ukambani. La pili ni kuhimiza tasnifu za shahada ya kwanza na za uzamili zishughulikie fasihi simulizi ya vita hivi: nyimbo za gwaride, nyimbo za wasichana walioachwa, vichekesho vya kambini, barua. La tatu ni kupitia magazeti ya Kiswahili ya miaka hiyo, ambamo sauti za askari, ingawa zilichujwa, bado zinasikika. La nne ni mashindano ya utunzi, ili malighafi hiyo izae utenzi, tamthilia au riwaya badala ya kulala kabatini.

Watakaokwenda Kipkelion waende na maswali yanayotoka ndani ya jamii, wala si hojaji iliyonakiliwa kitabuni. Mfano mmoja unatosha. Katika mila za Wakipsigis, mtoto anapozaliwa huitwa majina ya wahenga waliofariki, moja baada ya jingine, hadi apige chafya. Jina litakalomfanya apige chafya ndilo la mhenga aliyemrudia. Basi na iulizwe: kwa kijana aliyepanda gari la moshi Lumbwa, asirudi, asizikwe, na ambaye habari yake ilifika kwa kinywa cha chifu tu, jina lake lilianza kuitwa lini? Nani aliyeamua kwamba amekwisha kufa kiasi cha kuitwa? Je, kuna mtoto aliyepiga chafya? Jibu la swali hilo linaweza kuwa na fasihi nyingi kuliko daftari zima la safari za ndege.

Jamii ya Kiingereza imejenga minara, vitengo na vituo ili mpiga bunduki wake mmoja asipotee. Hakuna sababu ya kuwaonea kijicho. Ipo sababu ya kujifunza. Kijana wa Kericho hakuacha daftari, lakini aliacha lugha aliyojifunza vitani, na lugha hiyo sasa ina idara, maprofesa, majarida na maelfu ya wanafunzi. Wenye lugha wapo. Wakinyamaza, haitakuwa tena kwa sababu asiyekuwapo na lake halipo. Itakuwa kwa sababu waliokuwapo hawakulitaka.